Naomba ushauri: kupanga kuni ziwe pambo la ua

Mkazi wa Hamar: Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Ninaishi Norwe, na nimenunua kuni mbichi za bjørk, ule mti wenye gome jeupe, meta 3 za ujazo. Majirani hapa hukagua kuni za mtu kama sisi tunavyokagua ua uliofagiliwa, kwa hiyo nimefikiria kupanga ukuta wenye picha ya mbuyu, ambamo magogo mazima yatachora shina na kuni zilizopasuliwa zitajaza pembeni. Je, zitakauka?

Fundi Mstaafu: Ndugu yangu, magogo mazima yatakuponza. Gome la bjørk halipitishi maji, ndiyo maana Wanorwe walilitandika mapaani chini ya udongo wenye nyasi tangu zamani, na gogo lililofungwa ndani yake huoza kabla ya kukauka. Yapasue yote. Shina unaweza kulichora kwa mti wa or, ambao ukikatwa hugeuka rangi ya chungwa, ingawa rangi hiyo hufifia.

Bint Same: Bibi yangu alikausha kuni uchagani juu ya meko, wala hakuzipamba. Huku Ujerumani nimejifunza kupanga kwa duara la kipenyo cha meta 2 hivi: unazungusha kuni chini ziwe pete, kisha unalaza nyingine juu yake zikielekea katikati, ncha ya nje ikiwa juu kidogo kuliko ya ndani, ili lundo lijiegemee lenyewe linapokauka na kusinyaa. Katikati unajaza zile zilizopinda, ambazo hazifai kuonwa na mtu.

Mkazi wa Hamar: Ahsante, dada. Na gome, litazame juu au chini?

Fundi Mstaafu: Hapo umechokoza nyuki! Februari 2013 televisheni ya taifa ya huko, NRK, ilirusha kipindi cha kuni cha saa 12, na watazamaji waliolalamikia upangaji waligawanyika nusu kwa nusu juu ya swali hilohilo. Mimi hugeuza gome juu kwenye tabaka la mwisho tu, liwe paa. Muhimu zaidi ni kuinua lundo kutoka ardhini, na turubai lisifunike ubavuni, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20.

Mkazi wa Hamar: Basi nitajenga la duara. Nikilitazama kwa mbali, lenyewe ni shina la mbuyu.