Mchezo wa mwisho wa Chekhov: niandike "bustani" au "shamba"?

Karani Mstaafu, Majengo

Salaam aleikum jamaa. Natafsiri mchezo wa kuigiza wa mwisho wa mwandishi Mrusi Anton Chekhov, ule uliochezwa mara ya kwanza Moscow Januari 1904, miezi michache kabla hajafariki. Kirusi sikijui. Natumia Kiingereza, tafsiri mbili nimeziweka pamoja nazilinganisha mstari kwa mstari. Vijana tisa wa mtaani huja kwangu Jumamosi baada ya alasiri tukasoma barazani kwa sauti. Gogol, Mrusi mwenzake, tumeshammaliza, maana yeye yupo kwa Kiswahili, *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, tafsiri ya Christon Mwakasaka. Kwa Chekhov nimekwama kwenye jina tu.

Nilianza na *Bustani ya Micheri*. Kijana mmoja akauliza mcheri ni mti gani, nikamwonyesha picha kwenye simu, akasema basi weka miembe. Nilikaribia kukubali. Mwembe Tayari iko hapo na jina la mti wake, kila mtu wa Mombasa angeelewa. Lakini kitendo cha kwanza ni mwezi wa Mei, miti imejaa maua meupe, na nje baridi ni ya kugandisha umande, madirisha yamefungwa. Mwembe hauwezi kuyabeba hayo.

Mengine mawili. Lyubov Andreyevna, bibi mwenye bustani hiyo, nimwite Lyubov binti Andrei? Na yule Firs, mtumishi wa miaka 87 anayesahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa, neno lake la mwisho nilipe Kiswahili gani? Tafsiri zangu mbili hazikubaliani.

Nauliza kwa uchungu. Shamba la minazi la babu yangu, kule Kisauni, lilikatwa ploti nikiwa na miaka kumi na moja. Nilikuwapo mnazi wa kwanza ulipoangushwa. Mchezo huu unaishia kwa sauti ya shoka, na mpaka leo sijaweza kuusoma ukurasa ule mbele ya watu.

Mama wa Kibokoni

Wa aleikum salaam kaka. Pole kwa shamba la babu.

Usiamue kabla hujamrudia Firs kitendo cha kwanza. Anasema zamani, miaka arubaini hamsini nyuma, cheri zilikaushwa, zikalowekwa, zikapikwa jemu, zikapakiwa mikokoteni kupelekwa Moscow na Kharkov, na pesa zilikuwapo. Anaulizwa, na ule ujuzi uko wapi? Umesahauliwa, hakuna aukumbukaye. Mimi hapo nilifunga kitabu. Marehemu nyanya yangu alikuwa akieleza vivyo hivyo habari za mbata, ilivyopasuliwa na kuanikwa, na mimi mjukuu wake siwezi kuianika hata nazi moja ikatoka sawa.

Kwetu bustani ni ya kupumzika na kunusa. Shamba ni la kula. Pahali pale palikuwa shamba. Mikononi mwa Bi Lyubov na kakake Gaev pamekuwa bustani. Lopakhin, yule mfanyabiashara, atapakata ploti. Kwa nini uchague neno moja? Kinywani mwa Firs weka shamba, kinywani mwa Bi Lyubov weka bustani. Msikilizaji atajua wawili hawa wanatazama miti ileile na hawaoni kitu kimoja.

Niliyesoma Voronezh, sasa Kizingo

Bi mkubwa hapo juu amegusa penyewe. Neno la Kirusi ni *sad*, nalo hubeba yote mawili, bustani na shamba la miti ya matunda. Stanislavski, aliyeuongoza mchezo huo, amesimulia kwamba Chekhov alimtajia jina kwanza kwa mkazo mbele, *víshnevy*, kisha siku nyingine akaja amefurahi, amesogeza mkazo: *vishnyóvy*. La kwanza lilikuwa la miti ya biashara. La pili ni la miti isiyoingiza kitu tena, iliyobaki kwa uzuri wake na kumbukumbu za maisha ya kale. Kwa hivyo juu ya jalada, bustani.

Binti Andrei ni sawa, ila ongeza Bi. Kwa Mrusi kumtaja mtu pamoja na baba yake ni heshima, na Lopakhin humtaja hivyo kila mara.

Neno la Firs ni *nedotyopa*. Huwaambia vijana wa nyumba ile tangu mwanzo, na mwishoni, amelala peke yake, anajiambia mwenyewe. Lazima liwe neno lilelile kote, la sivyo pale mwisho halitauma. Mimi ningesema goigoi.

Msomaji wa Lopakhin

Shikamoo babu, shikamooni nyote. Mimi ni mmoja wa wale tisa. Naomba Lopakhin asitafsiriwe kama dalali mwizi. Aliwaonyesha njia mapema: wakodishe ardhi kwa nyumba za wageni wa kiangazi, wapate angalau rubli 25,000 kwa mwaka. Hawakumsikiliza. Mali ikauzwa mnadani kwa ajili ya deni, Agosti 22, naye akatoa 90,000 juu ya deni hilo. Halafu anasema amenunua mahali ambapo baba yake na babu yake walikuwa... Hapo babu ulituandikia "vibarua". Kwa nini?

Karani Mstaafu, Majengo

Marahaba mwanangu. Kwa Kirusi ni watumwa, tafsiri zote mbili zinasema hivyo, watumwa wasioruhusiwa kuingia hata jikoni. Niliogopa. Urusi iliwaacha huru watu wake wa mashambani mwaka 1861. Hapa pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria 1907, miaka mitatu baada ya mchezo huu kuchezwa. Barazani kwangu hukaa wajukuu wa pande zote mbili, na neno lile kwetu halisemwi hadharani. Lakini nikilificha, kilio chako cha furaha pale hakitakuwa na maana. Nimelirudisha.

Bi mkubwa, bustani na shamba nimezigawa kama ulivyosema, na Firs nimempa shamba hata pale anaponung'unika peke yake. Goigoi nimelipokea. Jumamosi hii ni kitendo cha nne. Lopakhin aje mapema. Firs nitamsoma mimi.