Mpango wa skuli nzima, alama zinapanda kweli?

Mama wa Wete: Asalaam alaykum jamani, skuli ya mwanangu wanataka kuanza mpango wa skuli nzima, walimu wote, watoto, wazee, mpaka mlinzi wa getini, wote washirikiane, na bakora basi, hakuna kumchapa mtoto tena. Alama zitapanda au ndo porojo za semina?

Mwalim Chake: Waalaykum salaam dada. Uganda, wilaya ya Luwero, walijaribu kitu kama hicho skuli 42, matokeo yakatoka 2015, vipigo vya walimu vilipungua sana ila alama hazikusogea. Mi naona si haba, mtoto anaingia darasani anatetemeka utamfundisha nini?

Wa Unguja: Wawape na uji bwana, wengine saa nne washalalia dawati kwa njaa.

Mama wa Wete: La uji ntalisema kwenye kikao.