Mmea wa kienyeji wa kutambaa wenye maua, chini ya mwembe

Bi_Mtwapa: Jamani nisaidieni, chini ya mwembe wangu nyasi imegoma kabisa, ni kivuli na mchanga mtupu, upepo ukivuma vumbi lote sebuleni. Sasa kwa jirani nimeona kitu kinatambaa chini chini, vijiua vyeupe vyenye doa la zambarau kwenye mdomo wa chini, majani kijani hata kiangazi. Ni nini hicho, na nikikipanda makusudi si watu watasema nafuga magugu?

kijana_wa_samadi: Hiyo ni Asystasia gangetica, Wagiriama wanaiita tsalakushe, na waache waseme tu kwani mboga yenyewe wanaila, inachanganywa na mchicha na mnavu unatia tui la nazi mambo yamekwisha. Kwa kivuli hutapata bora kuliko hiyo. Wala usinunue, muombe jirani vipande vya shina, kila kimoja kama shibiri hivi, ngoja masika yashike alafu uvilaze kwenye mchanga uliochanganya na samadi ya mbuzi iliyooza, hakikisha vifundo viwili vitatu, pale majani yanapotokea kwenye shina, vimefukiwa maana mizizi inatokea hapo hapo kwenye kifundo. Achanisha futi moja moja, zitakutana zenyewe. Nyuki na vipepeo watakuja bila kualikwa.

Shangazi Z: Ila mwambie ukweli wote bana. Maganda ya mbegu yakikauka yanapasuka yanarusha mbegu mbali, leo iko chini ya mwembe kesho iko kwenye tuta la sukumawiki. Huko Malaysia ni gugu sugu kwenye mashamba ya michikichi. Hapa ni kwao sawa, lakini mpaka uuchunge, mi naikata maua yakianza kupukutika na majani wanakula sungura.

mvuvi_mstaafu: Kama una upande wa jua kali na mchanga, tsalakushe achana nayo, tafuta ile ya ufukweni yenye majani kama kwato ya mbuzi na maua ya zambarau, Ipomoea pes-caprae. Chumvi haiiogopi, mchanga inaushika vizuri. Ua linafunguka asubuhi, jua likipanda limeshasinyaa, usije ukadhani inakufa. Lakini usiing'oe pale pwani, ndiyo inayozuia ufukwe usiliwe, kata kipande tu.

Bi_Mtwapa: Asanteni sana wapendwa. Swali moja tu, mzee wa nyumba anasema nitaalika nyoka, kweli??

kijana_wa_samadi: Ukiiacha ifike magotini basi hata mi siingii hapo. Ifyeke ibaki chini ya kifundo cha mguu, na mlangoni acha ukanda mtupu wa kama mita moja hivi unaofagiwa kila siku. Na kuku wafungie mpaka ishike, watakufukulia yote.

Shangazi Z: Kuku ndio nyoka wenyewe hapo 😂