MREJESHO: Kile kisaa cheusi cha Mwanjelwa
Wakuu, mi ndo yule niliyeuliza kuhusu kisaa cheusi nilichonunua kwenye vyuma chakavu pale Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji akisema ni geji ya gari. Sio geji wala nini, ni altimita, inapima ndege iko juu kiasi gani! Nyuma nimesugua kutu nikaona taji na herufi A.M., yaani Air Ministry, wizara ya anga ya Uingereza iliyokuwepo 1918 hadi 1964, na namba inaanza na 6A, hilo ni fungu la vyombo vya ndege kwenye stoo za RAF, jeshi la anga la Uingereza. Jana nimepanda nayo daladala mpaka Mbalizi, tunavyoteremka na mshale nao unashuka taratibu, aisee nilifurahi mpaka konda akaja kuchungulia. Siifungui lakini, namba za kung'aa za enzi hizo nyingi zilipakwa radiamu, ambayo ina mionzi hatari. Asante sana mkuu uliyesema nicheki nyuma.