Re: Sri Lanka Agosti, na bibi yao

Assalaam alaykum jamaa. Skuli zimefungwa na joto la Muscat halikaliki. Tunataka Sri Lanka siku nane, Agosti. Tuko wanne, pamoja na bibi wa miaka 68 anayetokea Mombasa. Naambiwa Agosti huko ni mvua tupu. Tuende?
Dada yenu, Al Khoud

> Waalaykum salaam dada. Nendeni. Aliyekwambia mvua tupu alikwenda Galle. Hiyo ni kusi ileile ya kwetu, na mvua yake inamwagika Colombo, Galle na milimani. Ukivuka kuelekea Dambulla na Anuradhapura kukavu, na Trincomalee bahari imetulia. Basi msikae Colombo. Kutoka uwanja wa ndege shikeni njia ya Dambulla, kama saa nne za gari.
>
> Sigiriya, jiwe ambalo mfalme Kashyapa alijenga kasri juu yake karne ya 5, ni ngazi kama 1,200. Bibi abaki bustanini chini, kwenye mabwawa, nanyi mpande lango likifunguliwa tu. Tiketi ya mgeni inapita dola 30, jipangeni.
>
> Anuradhapura, mji wa kale wa mahekalu ya Kibudha, chukueni soksi. Viatu vinavuliwa, na mimi nilijitia ushujaa nikavuka uwanja wa hekalu la Ruwanwelisaya saa saba mchana miguu mitupu, narukaruka kama bisi kikaangoni. Mahujaji wote wamevaa meupe, kwa hiyo kanzu yangu haikushangaza mtu. Kofia tu niliombwa niivue. Mjini humo pana mti mtakatifu wa Mabudha uliopandwa mwaka 288 kabla ya Kristo, matawi yameegemezwa nguzo za rangi ya dhahabu. Watoto wasipige selfi wakiipa mgongo sanamu ya Buddha, wenyewe wanachukia.
>
> Na dereva akisema "bustani ya viungo", kataeni. Wangu alinipeleka bila kuniuliza, nikasomeshwa karafuu nusu saa. Mimi, Mpemba! Na bei sasa, we acha.
> Kaka yako, Seeb

>> Nyongeza kutoka Doha. Bibi abebe cheti cha homa ya manjano, maana anatokea Kenya. Tazameni pia siku ya Poya, mwezi mpevu: ni sikukuu, na mahekalu hayapitiki kwa watu. Asubuhi muagizieni bibi appa, unga wa mchele na tui. Mama yangu alikula cha kwanza, akamwita mpishi: "Mwanangu, hivi ni vibibi, umevisahau sukari."

>>> Tumekata tiketi. Soksi jozi kumi na mbili.