Kupima bakteria kwenye maji ya kisima: kuchuja, mirija au vifuko?

KisimaMbagala: Wakuu, habari zenu. Shule yetu ina kisima kirefu, maji yanapandishwa kwenye simtanki ndipo yanashuka bombani. Vyoo vya majirani haviko mbali. Maabara moja inapima kwa kuchuja, nyingine kwa mirija. Kuna jamaa kaniambia ninunue vifuko nipime mwenyewe. Kipi ni kipi?

mtu_wa_maabara: Mkuu, kwa kisima kirefu mimi ni kuchuja. Mililita 100 zinapitishwa kwenye utando wenye vitundu vya mikroni 0.45, bakteria wanabaki juu yake. Utando unalazwa kwenye sahani yenye chakula chao, unakaa kwenye nyuzi 44 hivi, na baada ya saa 24 unahesabu makoloni, yaani vidoa vya bakteria walioota. WHO inataka E. coli, bakteria wa kinyesi, isionekane kabisa kwenye mililita hizo 100, kwa hiyo hata koloni moja ni habari.

dada_wa_Rufiji: Ndiyo, ila kuchuja kunagoma maji yakiwa na tope. Haya yetu ya mto yanaziba utando mapema tu. Mirija, yaani maji yanatiwa kwenye mirija yenye chakula cha bakteria, haijali tope. Ubaya wake ni siku: iliyotoa gesi inaingia hatua ya kuthibitisha, majibu yanaweza kufika siku ya nne, tena ni makadirio, si hesabu.

KisimaMbagala: Siku nne! Hao watoto wanywe nini?

fundi_pampu: Wachemshiwe, au utie klorini. Lakini ndiyo maana ya vifuko. Kifuko kina vyumba vitano. Unachanganya maji na dawa yake, unamimina, chumba kikigeuka bluu-kijani E. coli imo. Kwa joto la Dar hata umeme huhitaji. Zipo pia chupa za H2S (gesi ya salfaidi) zinazogeuka nyeusi, rahisi kuliko vyote, ila kisima kikinuka yai viza usiziamini. Salfaidi ya ardhini inazigeuza nyeusi hata kama hakuna kinyesi.

mtu_wa_maabara: Hapo sawa. Ila mnabishania kipimo wakati kinachoharibu kazi ni sampuli. Watu wanatuletea maji kwenye chupa ya soda! Chukua chupa ya maabara, usiisuuze. Kama mnatia klorini, omba yenye sodiamu thiosalfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na cheti kitatoka kizuri cha uongo. Bomba la chuma lichome mdomo kwa moto, la plastiki lifute kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, kisha kinga. Weka kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Na chukua mbili: moja kabla ya tanki, moja bombani. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu, usimlaumu jirani, panda ukafungue simtanki.

KisimaMbagala: Basi kuchuja kila muhula, masika niongeze vifuko katikati. Shukrani wakuu.

dada_wa_Rufiji: Ukishasoma kifuko usikitupe hivyo hivyo kaka, humo umefuga bakteria. Tia klorini kwanza.