Kontena la futi 20 kwenye ardhi ya kukodi Likoni: naomba ushauri

BintiShikaAdabu:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimekodi kiwanja huku Shika Adabu, nalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Watu wa Mombasa mwaijua hii: nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi hataki nyumba ya mawe, na siku akiuza itabidi nitoke. Mamangu alijenga ya udongo na makuti, alipoambiwa ahame akabeba milango na madirisha, kuta akaziacha pale pale. Sitaki yanipate hayo, ndio nikafikiria kontena la futi 20, nikae na wanangu wawili. Nina laki sita. Je, joto la kaskazi tutalistahimili ndani ya chuma? Na nikienda kununua nikague nini?

Wa_Mikindani:
Waleikum salaam dadangu. Naishi ndani ya kontena. Likiwekwa juani hivi hivi halikaliki: saa kumi jioni ukigusa ukuta wa magharibi utautoa mkono haraka. Dawa yake ni paa la pili. Niliezeka mabati juu yake, nikaacha nafasi ya kama nusu mita hewa ipite, na paa likatokeza pande zote. Jua lapiga mabati, kontena lakaa kivulini, na usiku twalala. Ila usiegemeze paa hilo katikati ya kontena, bati lake la juu ni la milimita 2 hivi. Nguzo zisimame pembeni, zitoke chini kabisa.

MchoraRamani:
Ndugu wa Mikindani amesema lililo kubwa. Mimi naongeza namna ya kulilaza, maana hilo halina gharama yoyote ukiliwaza mapema, na likishawekwa kuligeuza ni kumlipa tena mwenye kreni.

Mombasa tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua lapita karibu na utosi mwaka mzima, na kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi. Laza urefu wa kontena mashariki–magharibi ili jua lipate zile pande nyembamba tu. Kuta ndefu zitaangalia kaskazini na kusini, nazo ndizo za kutiwa madirisha, yatazamane. Kusi yatoka kusini-mashariki, kaskazi yatoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo msimu wowote upepo utapata pa kuingilia na pa kutokea.

Usikate ovyo lakini. Nguvu ya kontena iko kwenye nguzo zake za pembe nne na kwenye zile kuta zenye mikunjo. Kila tundu lizungushiwe fremu ya bomba la mraba, na ukuta mzima usiutoe bila kuweka boriti ya chuma.

Sasa nafasi. Kwa ndani ni mita 5.9 kwa 2.35, yaani chini kidogo ya mita 14 za mraba. Ukibandika povu la kuzuia joto na mbao pande zote, upana wakaribia 2.2, na kitanda ukikilaza kwa upana hakuna pa kupita. Kwenu ninyi watatu, ningeacha kuta za ndani zilivyo, nipake rangi nyeupe nje, pesa ziende kwenye paa na baraza. Jiko liwe barazani, watoto wasomee barazani. Wazee wetu waliishi hivyo na joto ni hili hili. Paa la mita 8 kwa 5 pia lakupa maji: mvua ya milimita 10 ni lita 400, ukiwa na mfereji na tangi.

Welda_Changamwe:
Kununua: ingia ndani, uwaambie wakufungie milango, kisha tazama juu na pembeni. Ukiona vitone vya mwanga, hapo pametoboka. Halafu lala chini utazame mihimili ya sakafu, ndiko kutu huanzia, na fungua milango yote uone mipira yake ya kuzuia maji. Kile chuma hujilinda kwa kutu yake ya juu, lakini chumvi ya hewa ya bahari haikiachi, kwa hivyo usiache sehemu uliyokata hata siku moja bila rangi ya kuzuia kutu.

Soma pia kibati kilicho mlangoni, huandikwa dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Ni dawa ya wadudu. Kwa kuwa una watoto, zibe sakafu kwa rangi ngumu ya epoksi au uitoe kabisa.

Na wakuonyeshe karatasi za ushuru wa forodha. Bila hizo usitoe pesa.

Mzee_wa_Kisauni:
Mimi ningekuwa na hati ya ardhi ningejenga kwa mawe ya matumbawe, nisihangaike na chuma. Lakini kwa hali yako mwanangu, kontena lina maana, kwa sababu laondoka na wewe. Basi mkataba na mwenye ardhi useme wazi kwamba kontena ni mali yako na una haki ya kulichukua. Kitu kilichoshikamana na ardhi chaweza kuhesabiwa cha mwenye ardhi. Usilimwagie zege likashikana. Liweke juu ya viguzo vifupi kwenye pembe nne, liinuke kama nusu mita. Ndivyo hata chini yake hakulowi. Na upite ofisi za kaunti kabla hujaanza, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 yataka ruhusa.

BintiShikaAdabu:
Barakallahu fikum. Mkataba wangu ni wa mdomo tu, nitauandikisha kwanza. Kulifikisha huku je? Feri?

Welda_Changamwe:
Feri achana nayo, lipitie barabara ya Dongo Kundu. Tafuta lori lenye kreni yake, ulipe safari moja tu. Kabla ya hapo shika futi ya kupimia utembee njia yote kutoka lami hadi kiwanjani. Kontena lina upana wa mita 2.44, na likiwa juu ya lori lazidi mita nne kwenda juu, kwa hivyo tazama nyaya za stima na matawi ya miembe. Madirisha tuyakatie huku karakana, likija huko liwe lasubiri paa tu.